Dharura Isiyoandikiwa Mwisho: Ununuzi Baada ya Mafuriko katika Halmashauri Moja ya Mkoa wa Tanga

Hoja ya mkaguzi ilikuwa aya moja tu, tena fupi. Ilieleza kwamba baada ya mafuriko ya masika halmashauri ilifanya ununuzi mara 11 kwa utaratibu wa dharura, na kwamba kati ya hizo, mara 7 ni za wakati ambapo maji yalikuwa yameshapungua, kambi imefungwa na watoto wamerudi madarasani. Mkaguzi hakusema fedha zimeibwa. Hakusema pia kwamba vifaa havikufika, kwa kuwa alivikuta na vingine akavihesabu mwenyewe. Alichotaka kuonyeshwa ni karatasi moja inayosema dharura ilikwisha siku gani na ni nani aliyeamua hivyo. Jalada lote lilipekuliwa, na karatasi hiyo haikuwemo.

Kisa hiki kimejengwa kwa kuunganisha mambo yanayojirudia katika ununuzi wa halmashauri, kwa hiyo halmashauri yenyewe haina jina na hesabu zake ni za mfano. Sheria, mifumo na taasisi zinazotajwa ni halisi. Ninachokusudia kuonyesha ni kwamba halmashauri hii haikuteleza katika zile siku za mwanzo za matope na kelele, ambako kila mtu hutazamia kukuta madudu. Iliteleza baadaye, katika wiki tulivu za kurejesha hali, kwa sababu ruhusa iliyotolewa ili kuokoa watu iliachwa iendelee kutumika kuezeka mapaa.

Mvua, bonde na wakubwa wawili

Mkoa wa Tanga hauhitaji mvua nyingi bondeni ili bonde lifurike. Milima ya Usambara inapokea mawingu yanayotoka Bahari ya Hindi, na maji yake hushuka haraka: Mto Zigi unatokea upande wa Amani hadi kuingia baharini kaskazini mwa Jiji la Tanga, Mto Umba unapita Mkinga, na Mto Pangani, unaokusanya maji tangu Kilimanjaro na Meru, unapita Korogwe kabla ya kumwaga baharini Pangani mjini. Mkazi wa bondeni anaweza kulala pakavu na kuamshwa usiku wa manane na maji ya mvua ambayo hata hakuisikia ikinyesha. Halmashauri tunayoizungumzia ina kata za mlimani na kata za bondeni, na usiku huo kata tatu za bondeni ziliingiwa na maji, huku upepo ukiezua madarasa mawili ya shule ya msingi iliyo juu kidogo ya mto.

Masika huja kati ya Machi na Mei, na hilo halijawahi kuwa siri kwa mtu yeyote wa mkoa huu. Mwaka 2023 Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitahadharisha mapema, mwezi Agosti, kuhusu mvua za El Niño; mvua zilizofuata ziliendelea hadi masika, na tarehe 25 Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamepoteza maisha nchini. Baada ya mwaka kama huo, halmashauri yoyote ya pwani au ya bondeni inayoandika kwamba mafuriko yalitokea "ghafla" inajitafutia maswali. Jambo hilo lina uzito wa kisheria, maana ununuzi wa dharura husimama juu ya sharti kwamba uhitaji haukuweza kutazamiwa na haukusababishwa na uzembe wa mnunuzi mwenyewe. Usiku wa mafuriko unatimiza sharti hilo bila ubishi, kwa sababu hakuna anayejua ni usiku upi na ni kata ipi. Kukosa mkataba wa mabati mwezi Aprili, katika wilaya inayoezuliwa mapaa karibu kila mwaka, ni jambo la namna nyingine.

Tena kulikuwa na wakubwa wawili. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022, kamati ya maafa ya wilaya inaongozwa na Mkuu wa Wilaya. Chini ya sheria za fedha na ununuzi, mwenye dhamana ya kila shilingi ni Mkurugenzi Mtendaji, akiwa ndiye Afisa Masuuli. Kamati inatambua mahitaji, inaratibu misaada na inaelekeza. Hainunui, haina Bodi ya Zabuni na haitajibu hoja. Katika jalada la kisa hiki maneno "kwa maelekezo ya Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya" yanaonekana katika madokezo sita, na mara tatu kati ya hizo yamekaa mahali ambapo panatakiwa kutajwa njia ya ununuzi na sababu ya kuichagua. Maelekezo yalikuwa halali na pengine yalikuwa ya busara, lakini maelekezo si njia ya ununuzi, na Afisa Masuuli anayejificha nyuma yake atajikuta peke yake siku ya kikao cha kujibu hoja. (Wapo pia wanaodhani kwamba dharura ya ununuzi inasubiri Rais atangaze hali ya hatari chini ya Ibara ya 32 ya Katiba. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, na kuyachanganya kumewahi kuchelewesha unga na maturubai bila sababu.)

Usiku wa kwanza, uliofanywa vizuri

Nataka kukaa kidogo kwenye ukurasa mmoja wa jalada hili, kwa sababu watu husoma visa vya ukaguzi wakitafuta kosa tu na kuupita ukurasa uliofanywa sawasawa.

Umeme ulikuwa umekatika na mtandao haukushika, kwa hiyo mfumo wa NeST, ambao tangu 2023 ndio unaopitisha zabuni za umma, haukufunguka. Afisa Ununuzi alichukua daftari la kawaida la mistari. Juu ameandika tarehe na saa, saa 4:20 usiku, kisha ameandika kwamba mtendaji wa kata amepiga simu akieleza kuwa kaya zipatazo 60 zimehamia shuleni na hazina chakula wala mahali pa kulala. Chini yake imefuata orodha: unga, maharage, mafuta ya kula, chumvi, maturubai, mikeka, ndoo zenye mifuniko, dawa ya kutibu maji. Mbele ya kila kitu kuna kiasi, bei aliyotajiwa na mfanyabiashara wa jumla aliyekubali kufungua ghala usiku, na bei ambayo halmashauri iliwahi kulipa kwa kitu hicho hicho miezi ya nyuma. Unga ulikuwa umepanda kidogo, na ameandika kwa nini: lori lilizunguka njia ndefu. Maturubai yalikuwa yamepanda sana, na ameandika kwamba alimpigia mfanyabiashara wa pili, ambaye bei yake ilikuwa nafuu lakini yuko ng'ambo ya mto na daraja halipitiki. Chini kabisa kuna sahihi ya Mkurugenzi, ambaye alifuatwa nyumbani kwake, na asubuhi yake zikaongezwa sahihi za mtendaji wa kata na mwenyekiti wa kitongoji waliopokea mzigo.

Ukurasa huo una kila kitu ambacho mkaguzi angeweza kuuliza: uhitaji, muda, anayeidhinisha, bei na kigezo cha kuipima, sababu ya kutokushindanisha, na aliyepokea. Taarifa zake ziliingizwa kwenye mfumo siku ya tatu, mtandao uliporudi, na dokezo sabili, yaani dokezo la ndani la ofisi, la kueleza ucheleweshaji likaambatanishwa. Mkaguzi aliusoma, akaupigia tiki, akaendelea. Manunuzi mengine matatu ya wiki hiyo yalifuata mtindo huo huo, likiwemo la kuagiza Bohari ya Dawa vitu vya zahanati vilivyolowa, na yote yalipita.

Wiki ambayo maji yalipungua

Siku ya 12 baada ya mafuriko kamati ya maafa ilikaa na kukubaliana kufunga kambi. Kaya nyingi zilikuwa zimerudi makwao au zimekwenda kwa ndugu, na chache zilizobaki zilipangishiwa vyumba. Jumatatu iliyofuata shule ilifunguliwa, wanafunzi wa yale madarasa mawili wakisoma kwa zamu. Kwa mtu wa kawaida dharura ilikwisha hapo. Kilichobaki kilikuwa kazi kubwa, ya haraka na ya lazima, lakini ilikuwa kazi inayoweza kupangwa: kuezeka upya, kuchimba vyoo vilivyofukiwa, kusafisha visima, kuondoa tope na magogo, kurudisha njia.

Muhtasari wa kikao hicho uliwekwa kwenye jalada la maafa, ofisini kwa Mkuu wa Wilaya. Nakala haikupelekwa Kitengo cha Usimamizi wa Ununuzi. Kwa hiyo madokezo ya ununuzi yaliendelea kuanza kwa maneno yale yale, "Kufuatia maafa yaliyotokea katika kata zetu," na kila dokezo liliomba njia ile ile ya mzabuni mmoja aliyeteuliwa. Wiki ya tatu mabati na mbao. Wiki ya nne saruji, kisha kukodi mtambo. Wiki ya saba makalvati. Wiki ya tisa, ikiwa imebaki siku chache kufika Juni 30, magodoro na madawati.

Kwa nini? Ni rahisi kudhani kwamba kulikuwa na mtu anayekula. Huenda yupo, lakini kisa hakihitaji mwizi ili kieleweke. Masika huangukia robo ya mwisho ya mwaka wa fedha, wakati vifungu vingi vimekauka na Mpango wa Ununuzi wa Mwaka ulioingizwa kwenye mfumo tangu mwanzoni hauna mstari wa kuezeka shule iliyoezuliwa na upepo. Kuhuisha mpango, kuandaa nyaraka, kutangaza, kufanya tathmini na kusubiri muda wa malalamiko huchukua wiki kadhaa, na fedha zisizotumika mpaka mwaka kufungwa zina maswali yake. Madiwani walikuwa wakiulizwa na wapigakura kila walipopita barabarani. Na mtu aliyenunua unga usiku kwa ujasiri, akasifiwa kwenye kikao, anapata shida kurudi kwenye mwendo wa kawaida wiki ya tatu huku kila mtu akimwambia "fanya kama ulivyofanya."

Hilo la mwisho ndilo naliona kubwa kuliko yote. Dharura huwapa watumishi mwendo ambao kila siku wanaambiwa hauwezekani. Wakiuonja, hakuna atakayeandika barua ya kuusimamisha kwa hiari yake, isipokuwa utaratibu wenyewe umlazimishe.

Mabati

Katika manunuzi saba yaliyohojiwa, la mabati ndilo linalofundisha zaidi. LPO, yaani hati ya agizo la ununuzi, ilisema: "Mabati ya rangi ya kijani, 400." Hakuna geji (kipimo cha unene wa bati), hakuna urefu, hakuna kiwango cha ubora. Idara ya elimu, ambayo ndiyo idara tumizi, haikuandika mahitaji ya kitaalamu, na mhandisi hakuulizwa kwa kuwa alikuwa bondeni na mtambo.

Lori lilifika jioni. Mtunza stoo ni mzee aliyefanya kazi hiyo kabla halmashauri haijawa na kompyuta, na aliyepaswa kupokea pamoja naye alikuwa afisa ugavi msaidizi, kijana wa mwaka wa pili kazini. Kijana alimsalimu, "Shikamoo mzee," akaitikiwa, wakaanza kuhesabu. Bati la tano mzee alilishika pembeni, akalikunja kidogo kwa kidole gumba, likakubali.

"Mwanangu, hili si la geji 28."

"Mzee, hati ya mzigo haisemi geji."

"Na LPO?"

"Nayo haisemi."

"Basi umeshapokea."

Katika mabati, kadiri namba ya geji inavyokuwa kubwa ndivyo bati linavyokuwa jembamba, na majengo ya shule za halmashauri hii yalizoea geji 28. Yaliyoletwa yalikuwa ya geji 30. Bei iliyolipwa ilikuwa karibu na ile ya geji 28 mjini Tanga. Mfanyabiashara, alipoulizwa baadaye, alijibu kwa utulivu kwamba aliombwa mabati ya kijani na alileta mabati ya kijani. Kisheria ni vigumu kumshinda. Ushindani ungefichua jambo hili hata bila mhandisi, kwa kuwa wauzaji watatu wakiombwa nukuu za bei kwa maelezo yasiyo na geji, angalau mmoja wao angeuliza "geji gani?" kabla ya kuandika bei. Mara nyingi tunausifu ushindani kwa kushusha bei. Katika ununuzi mdogo wa halmashauri, faida yake nyingine ni kwamba wazabuni ndio wasomaji makini wa mwisho wa nyaraka zetu mbovu.

Kulikuwa na njia iliyo wazi kwa shule ile. Halmashauri zimekuwa zikijenga madarasa kwa fosi akaunti, yaani kwa kusimamia kazi zenyewe, kununua vifaa na kuajiri mafundi wa hapo hapo, huku kamati ya shule ikihusishwa katika manunuzi, mapokezi na usimamizi. Njia hiyo ina matatizo yake, na ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimeyataja mara kwa mara. Lakini kwa kuezeka madarasa mawili, kenchi na mabati basi, ilikuwa njia inayofaa, ya haraka vya kutosha, na isiyohitaji neno dharura. Ingetoa pia nafasi kwa makundi maalumu ya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu, ambayo sheria inataka yatengewe asilimia 30 ya ununuzi. Kikundi cha vijana wanaofyatua bloku kipo umbali wa kutembea kwa miguu kutoka shuleni. Vyoo vilipojengwa upya, bloku zililetwa kwa lori kutoka wilaya nyingine.

Mtambo uliokodiwa kwa saa

Kijiko kilikodiwa kuondoa tope na magogo kwenye mifereji. Mkataba ulikuwa ukurasa mmoja: bei kwa saa, mafuta juu ya halmashauri, kuleta na kurudisha mtambo juu ya halmashauri. Haukuwa na ukomo wa saa. Hakukuwa na daftari la saa linalosainiwa kila jioni na msimamizi wa halmashauri. Mwendeshaji aliandika saa zake kwenye simu, na ankara ikaja mwisho wa mwezi. Siku mbili za mvua, ambazo wanakijiji wanasema mtambo ulisimama chini ya mwembe, zimo kwenye ankara kama siku kamili.

Hapa ipo haja ya kutazama nje. Nchini Marekani mamlaka za mitaa hununua kwanza, kisha huomba kurudishiwa sehemu kubwa ya fedha na FEMA, shirika la serikali kuu linaloshughulikia maafa. Masharti yake yameandikwa wazi: kununua bila ushindani kunavumiliwa kwa muda ule tu ambao dharura ipo, na ikikoma, mamlaka inatakiwa kuhamia kwenye ushindani hata kama mkandarasi wa awali bado yuko kazini. Mkataba wa kulipa kwa saa na vifaa unaruhusiwa pale tu ambapo hakuna mkataba wa aina nyingine unaofaa, na lazima uwe na ukomo wa malipo ambao mkandarasi akiupita anajigharimia. Kumlipa mkandarasi gharama zake pamoja na asilimia ya gharama hizo kumekatazwa kabisa, kwa kuwa hapo atakayetumia zaidi ndiye atakayepata zaidi. Anayekiuka anaweza kunyimwa marejesho, na mzigo ukabaki kwa walipakodi wa eneo lake. Sisi hatuna FEMA, na sidhani tunahitaji kuiga mfumo wake wa kurudishiana fedha. Lakini ukomo wa saa na daftari linalosainiwa jioni havihitaji fedha za serikali kuu wala sheria mpya.

Magodoro na madawati sitayakalia sana. Magodoro 80 yalinunuliwa wiki ya tisa, wakati kambi ilikuwa imefungwa siku nyingi na stoo ya Mkuu wa Wilaya ikiwa na magodoro ya msaada ambayo hayakuwa yamegawiwa. Vifaa vya msaada vilikuwa na daftari lao, vya kununua vilikuwa na leja yao, na watunzaji wawili hawakuwa wakizungumza. Madawati yalihitajika kweli, ila yalihitajika hata kabla ya mvua.

Kilichopaswa kuwepo Februari

Wengi wakisoma kisa kama hiki hupendekeza semina. Mimi ningeanza na mikataba maalumu, ile ambayo bei na masharti hukubaliwa mapema, na mnunuzi huagiza kidogo kidogo kadiri uhitaji unavyotokea bila kushindanisha upya kila mara. Wakala wa Huduma ya Ununuzi Serikalini una mikataba ya namna hiyo kwa bidhaa na huduma zinazotumiwa na taasisi nyingi. Halmashauri ikiingiza kwenye Mpango wa Ununuzi wa Mwaka mistari ya maturubai, vyakula vya kambi, mabati yenye geji na urefu, saruji, na ukodishaji wa mitambo kwa saa, ikapata wauzaji mwezi Januari au Februari barabara zikiwa kavu, basi agizo la usiku wa mafuriko litakuwa simu moja na LPO moja, na ushindani utakuwa umeshafanyika.

Pingamizi lipo, na lina haki ya kusikilizwa. Muuzaji aliyekubali bei mwezi Februari anaweza kukataa mwezi Aprili bei zikipanda, au akakubali kisha asiweze kufika. Wilaya yenye mto katikati isiwe na muuzaji mmoja wa maturubai, hata akiwa wa bei nafuu kupita wote. Iwe na wawili, mmoja kila upande wa mto. Bei iruhusiwe kupanda kwa kipimo kinachoandikwa, kwa mfano gharama ya kuzunguka barabara iliyokatika. Na wauzaji wapatikane miongoni mwa wenye maduka na maghala wilayani, kwa sababu baada ya mafuriko huja wafanyabiashara wa waja leo waondoka leo, ambao ankara zao hufika kabla ya bidhaa na ambao bidhaa ikiwa na kasoro hawapatikani tena kwa simu.

La pili halina gharama yoyote. Kibali chochote cha ununuzi wa dharura kiwe na tarehe ya kukoma, tuseme siku 14, na kikihitajika kuendelea kiombwe upya kwa sababu mpya, na nakala ya muhtasari wa kamati ya maafa iambatanishwe. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023, iliyoanza kutumika Juni 2024, pamoja na kanuni zake, haimzuii Afisa Masuuli kujiwekea kamba fupi kuliko ile aliyopewa. Wapo watakaosema siku 14 hazitoshi kwa mafuriko makubwa, na huenda ni kweli kwa maafa kama maporomoko ya Hanang ya Desemba 2023, ambako sehemu ya mji mdogo ilifukiwa. Hapo kibali kitaombwa upya mara mbili au tatu, na kila ombi litamlazimu mtu kuandika kwa mkono wake kwamba bado kuna watu wasio na mahali pa kulala. Akishindwa kuliandika hilo, arudi kwenye nukuu za bei.

Namna hoja ilivyojibiwa

Rasimu ya kwanza ya majibu ilikuwa na barua ya kuongeza muda wa dharura, yenye tarehe ya wiki ya tatu, iliyochapwa miezi sita baadaye. Afisa Ununuzi alikataa kuisaini. Alisema, mbele ya Mweka Hazina na Mwanasheria, kwamba kumbukumbu namba iliyo kwenye barua hiyo tayari imetumika kwenye rejesta kwa barua ya mgawo wa chaki. Rasimu ikachanwa.

Majibu yaliyopelekwa yalikiri kwamba dharura ilikwisha siku ya 12, yakaambatanisha muhtasari wa kamati ya maafa na rejesta ya mahudhurio ya wanafunzi, na kutenganisha manunuzi saba katika mafungu. Mbao na saruji zilionyeshwa kuwa bei zake zililingana na soko la wakati huo, na hoja ikapunguzwa hadi kuwa kasoro ya utaratibu. Magodoro yalihamishiwa stoo ya wilaya na kuingizwa kwenye leja moja na ya msaada. Madawati yalibaki kama yalivyo, na Mkurugenzi alipokea onyo la maandishi. Kuhusu mabati, Mwanasheria alishauri kwamba kwa LPO isiyo na geji halmashauri haina pa kushika. Kamati ya Fedha iligawanyika, wengine wakitaka mfanyabiashara huyo asipewe kazi tena, wengine wakisema hakuvunja ahadi yoyote iliyoandikwa. Ankara ya kijiko ililipwa baada ya kuondoa zile siku mbili, kwa ushahidi wa mwenyekiti wa kitongoji, na mwenye mtambo hakubisha, jambo ambalo nalo linasema kitu.

Makalvati ndiyo yaliyobaki bila jibu. Yalinunuliwa kwa fedha za halmashauri kwa ajili ya barabara ambayo tangu 2017 iko chini ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, yenye bajeti yake, wahandisi wake na utaratibu wake wa matengenezo ya dharura. Meneja wa wilaya alikwenda kuyapima akiwa na mhandisi wa halmashauri. Kati ya 14 yaliyolala kando ya barabara, 9 yana kipenyo kinacholingana na michoro yao, naye yuko tayari kuyapokea kwa hati ya makabidhiano. Matano ni madogo kwa mfereji huo, na sasa mhandisi wa halmashauri anatafuta kivuko cha waenda kwa miguu ambacho yanaweza kukitosha.